Wiki Thelathini na Mbili

Jumatatu, 5 Mei 2003

Barua imefika! Jumatano tarehe ishirini na nane, saa tatu asubuhi, chuoni Nairobi. Nije na vyeti, barua ya mkubwa wangu wa kazi, na orodha ya wagonjwa kumi niliowatibu, yeye awe ameisaini.

Intavyu ya tatu hii. Mwaka juzi waliniambia nafasi zimejaa. Mwaka jana wakaniambia nijaribu tena, kwa ile sauti ya kumwambia mtoto ajaribu tena kufunga kamba za viatu.

Niko na miaka thelathini na tatu. Miaka saba nazalisha akina mama kwa hii hospitali ndogo ya kanisa hapa Kajiado, na kila siku nakisia. Nataka kusomea uzazi vizuri, niwe bingwa, mtu akiniuliza kwa nini nimefanya hivi niwe na jibu. Basi. Wakikataa mwaka huu siombi tena. Haki nimechoka kuomba.

Nilipofika nyumbani Kitengela nikamwonyesha Baba Mbeke ile barua. Akafurahi kuliko mimi. Ametoa daftari jipya la shule, akaandika juu yake MASWALI, akapiga mstari kwa rula. Mwalimu ni mwalimu tu.

Jumatano, 7 Mei

Tumeanza mazoezi. Baba Mbeke amekaa mezani na tai yake ya shule, ati yeye ndiye profesa. Mbeke naye amekuwa karani. Ananifungulia mlango wa jikoni: Daktari Munyiva, ingia! Miaka mitano na tayari ana sauti ya ofisi ya serikali.

Majina ya magonjwa yanamshinda mume wangu. Eklampsia anaiita ekalapashia. Nikacheka mpaka nikatokwa na machozi. Ilikuwa dawa kidogo.

Halafu akasoma lile swali ambalo kila mwaka huwa halikosi: Tuambie siku uliyokosea.

Mwaka jana nilijibu kwa kosa la mtu mwingine. Nikasema muuguzi alisahau kupima presha. Wale watatu wa intavyu hawakuandika kitu. Mmoja akavua miwani, akasema sasa tuambie lako. Nikasema sikumbuki. Miaka saba, ati sikumbuki!

Leo nimechukua ile rula nikaichezea. Baba Mbeke akadhani nafikiria. Nilikuwa nimeshakumbuka zamani.

Jumamosi, 10 Mei

Zamu. Mvua tangu alfajiri. Nimefika wodini viatu vizito kwa tope nyeusi, Sista Virginia akanipa kandambili zake. Huyu mama amekuwa mkunga hapa tangu mimi niko shule ya msingi. Mkikuyu, lakini anaongea Kimaasai mpaka wazee wanamtania ng'ombe wake wako wapi.

Nimeketi kuandika ile orodha ya wagonjwa kumi. Sita wamekuja haraka. Mapacha wa Isinya. Yule mama wa damu nyingi, tuliyemtoa kaburini kabisa. Kufika wa saba, kalamu ikaandika yenyewe: Nampaso.

Sijawahi kuandika haya mahali popote. Wacha niyaandike hapa, hakuna anayesoma.

Februari. Msichana wa Kimaasai, miaka kumi na tisa, kutoka upande wa Mashuuru, mimba ya kwanza, uchungu umeanza. Mwembamba. Nikapima tumbo kwa tepu, sentimita thelathini na moja, na kila sentimita ni kama wiki moja. Mashine ya picha hatuna. Nikamuuliza miezi mingapi. Akasema imetimia, yote tisa, amehesabu miandamo ya mwezi. Nikaangalia tepu, nikamwangalia yeye. Nikaamini tepu. Nikaandika kwa faili: wiki thelathini na mbili, mtoto hajatimiza.

Nikampa dawa ya kuzuia uchungu. Nikampiga sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Kila uchungu ukirudi naongeza dawa. Siku moja na nusu! Mama mkwe wake, bibi mmoja mrefu, koko kwa Kimaasai, alikuwa kwa benchi nje. Akajaribu kuingia mara mbili aseme kitu, nikaambia askari saa ya kuona wagonjwa bado.

Siku ya pili moyo wa mtoto ukaanza kwenda polepole. Nikakimbia naye thieta. Nikamtoa mtoto amekwisha. Msichana. Kilo mbili na robo, kucha zimepita ncha za vidole, nyayo zimejaa mistari. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu na nikayaandika kwa mkono wangu, chini ya maneno wiki thelathini na mbili. Nilikuwa nimechoka. Hata sasa sijui nilifikiria nini.

Sista Virginia alikuwa likizo. Aliporudi akasoma faili, akavua miwani. Daktari, huyu mtoto alikuwa ametimiza. Akaniuliza kama sijui mila. Msichana wa mimba ya kwanza, kuanzia mwezi wa saba, wakunga wao wanamnyima chakula. Maziwa ananusa tu. Mengine anatapishwa. Wanataka mtoto awe mdogo apite vizuri, asimuue mama. Kwa hivyo tumbo linadanganya tepu. Yule koko alikuwa anataka kukwambia hivyo tu, akasema.

Miaka saba niko hapa. Nasalimu takwenya, naitikia iko, nikadhani nimewajua watu.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Nikalala wakati wa mahubiri, Mbeke akanifinya. Nguo hazijakauka tangu Alhamisi.

Jumatano, 14 Mei

Nimemwambia Baba Mbeke. Yote. Nilitarajia anyamaze, ama anishike mkono. Alinishika, ni kweli.  Halafu akasema polepole: Mama Mbeke, lakini si hilo ndilo jibu?

Nikauliza jibu la nini.

La swali lao! Wanataka mtu anayejua kukosea. Hapo kuna kosa, kuna mila, kuna funzo. Nani mwingine atakuja na kitu kama hicho?

Nikakasirika. Nikaingia jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Lakini sikusema hapana. Najijua.

Ijumaa, 16 Mei

Kijana alikuwa ananingoja nje ya wodi tangu asubuhi, shuka limelowa. Akanisalimu, supa, daktari. Nikaitikia ipa. Akasema anaitwa Parsaloi, ndugu yake Nampaso. 

Nampaso amerudishwa kwa baba yake. Wanawake wa kwa bwanake wamekataa kukaa naye. Kwa mila yao mwenye mimba haguswi na mwanamume, hata mume wake. Mtoto akija kabla ya miezi, tena amekufa, wanawake wanajua sababu ni moja. Na hospitali si ilisema mtoto hajatimiza? Muuguzi wa zamu aliwaambia vile imeandikwa kwa faili.

Sasa wazee wa pande zote mbili watakaa. Parsaloi anataka karatasi. "Daktari, andika tu ile kitu ya ukweli. Dada yangu anaapa hakulala na mtu. Anasema miezi ilikuwa imeisha. Kama karatasi inasema ilikuwa imeisha, wazee watanyamaza."

Alitoka Mashuuru jana! Nikamwambia lazima niongee na mkubwa. Arudi wiki ya mwisho ya mwezi. Akashukuru — ashe oleng, ashe oleng — kama nimempa kitu.

Jumanne, 20 Mei

Nimeenda kwa Dk. Gakuru, mkubwa wetu, na mambo mawili mkononi. Barua yangu ya intavyu asaini, na ile ya Nampaso. Nilipanga nianze na ya Nampaso. Nikaanza na ya intavyu.

Akaisoma barua, akasema vizuri sana, Kajiado itajivunia. Akaiweka mezani, kikombe cha chai juu yake. Akasoma orodha. Namba saba akaikata kwa kalamu. Hapa weka nyingine kama ile ya mapacha, inapendeza zaidi.

Hapo nikasema ya Parsaloi. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Akasema hospitali inatoa karatasi inayosema kile faili inasema, na faili inasema wiki thelathini na mbili. Ukibadilisha leo, miezi mitatu imepita, mtu atauliza kwa nini hukubadilisha siku ile. Atakuuliza wewe, si mimi. Na hakuna karatasi itatoka na stampu hapa bila yeye kujua. Kisha akasema mambo ya wazee tuwaachie wazee, sisi tunatibu.

Barua yangu bado ilikuwa chini ya kikombe.

Nikasema sawa, daktari.

Akainua kikombe akasaini. Imebaki na duara la chai kwa kona. Nimeitoa hapo nikaitembeza mpaka wodini kama mtu aliyeiba kuku.

Ijumaa, 23 Mei

Mazoezi kila jioni. Lile jibu sasa limenyooka. Baba Mbeke amenifundisha nianze na tepu, sentimita thelathini na moja, nitulie kidogo, halafu niseme: Niliiamini tepu, sikumwamini mama. Anasema hapo watainua vichwa. Nimeirudia mara kumi na mbili. Mara ya kwanza sauti ilikatika. Mara ya kumi na mbili sauti haikukatika, na Baba Mbeke akapiga makofi.

Nikaenda nje nikasimama kwa ua. Upepo unatoka Athi, baridi ya kukata. Nikajiuliza mimi ni mtu wa aina gani.

Leo kazini Sista Virginia aliniuliza kama kuna karatasi imetoka ya yule msichana. Nikasema nangoja intavyu iishe, siku chache tu, nisimchokoze Gakuru sasa. Akaendelea kukunja shuka. Akasema mficha uchi hazai, daktari. Nikamwambia hiyo methali ni ya wagonjwa. Akasema aha.

Simlaumu. Lakini yeye hajaomba kitu mara mbili akanyimwa.

Jumapili, 25 Mei

Mbeke ana homa. Si malaria. Nimelala naye mchana wote, kitabu kifuani, sikusoma ukurasa.

Jumanne, 27 Mei

Wamekuja. Si Parsaloi peke yake. Nampaso pia.

Nilikuwa natoka thieta, mikono bado ina unga wa glavu. Sikumtambua mara moja. Amenenepa kidogo, kwao wanampa chakula. Amenyoa nywele. Alikuwa amesimama karibu na mlango wa wodi ya akina mama, hataki kuingia, na watoto wanalia mle ndani.

Takwenya. Iko.

Parsaloi akasema wazee wanakaa keshokutwa, Alhamisi, mapema kabla jua halijapanda. Karatasi iko? Nikasema karatasi ina shida kidogo. Mkubwa hayuko — na kweli hakuwepo, alikuwa mkutano Machakos. Nikasema kesho mimi mwenyewe niko Nairobi kwa jambo la lazima. Ijumaa. Ijumaa sitakosa.

Akasema Ijumaa itakuwa imekwisha, daktari. Hakusema kwa hasira. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kisha Nampaso akaongea. Kiswahili chake kidogo, alikuwa amekipanga. "Daktari. Mimi nilifanya nini?"

Mungu wangu.

Nilikuwa nalo jibu! Nimelisema mara ngapi jikoni kwangu, naanza na tepu, natulia, watu wanainua vichwa. Nikafungua mdomo nikasema, wewe hukufanya kitu. Akangoja. Akaangalia kama kuna ingine inakuja. Nikasema tena, hukufanya kitu, pole sana mama. Nikasema naitwa wodini. Hakuna aliyekuwa ananiita.

Sista Virginia aliwapa chai. Nilisikia anaongea nao Kimaasai kwa muda. Baadaye akapita akaniambia hajawaambia, si yake kusema, faili si ya kwake. Wamekwenda.

Nguo za kesho nimezipiga pasi. Suti ya kijivu. Baba Mbeke amesafisha viatu vyangu mpaka vinang'aa, amevifunga kwa mfuko wa plastiki ili nivivae nikishavuka tope. Ananipenda huyu mtu. Sikumwambia habari za waliokuja leo.

Jumatano, 28 Mei

Saa tano na robo. Niko kwa benchi nje ya chumba chao. Ninaandika hapa nisihesabu dakika.

Nimeingia saa nne kasoro. Watatu. Mwenyekiti, profesa mnene mwenye sauti nzuri. Mwingine anaandika tu. Wa tatu mama mzee wa sweta, nywele nyeupe, hakusema jina lake ama sikusikia. Maswali ya kwanza nikayajibu. Damu baada ya kuzaa, kifafa cha mimba, yote. Nilikuwa vizuri! Mwaka huu nilikuwa vizuri kabisa.

Likaja lile swali. Nikaanza na tepu. Nikatulia. Nikasema niliiamini tepu, sikumwamini mama. Na kweli waliinua vichwa. Nikaeleza mila, nikaeleza koko kwa benchi, kucha, nyayo. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akasema, daktari, huu ndio ukomavu tunaoutafuta hapa. Yule wa kuandika akatikisa kichwa kukubali. Nikahisi kifua kimefunguka. Nilikuwa nimeingia, nilijua nimeingia.

Yule mama wa sweta akauliza: Na mama wa mtoto, yeye alijua lini?

Hilo halikuwa kwa daftari.

Nikasema bado.

Akauliza bado nini. Nikasema bado hajajua. Akahesabu kwa vidole, Machi, Aprili, Mei. Akasema kwa hivyo sisi tumejua kabla yake. Nikasema ndiyo, profesa. Akauliza yuko wapi. Nikasema Mashuuru, kwa baba yake. Akauliza kwa nini kwa baba yake na si kwa mume. Ikabidi niseme. Wanawake, wazee, kesho asubuhi, karatasi. Jana, mlangoni, alichoniuliza. Nilisema vibaya, maneno yakigongana, sauti imekatika kama ile mara ya kwanza na hakuna aliyenipigia makofi. Mwenyekiti akaangalia dirisha. Akasema asante daktari, ngoja nje kidogo, usiende mbali.

Karani, msichana mkarimu wa kucha nyekundu, ananiambia nisiwe na wasiwasi. Wanaoambiwa wangoje ndio huitwa tena. Wale wengine huambiwa tutakuandikia. Mwaka jana watatu waliongoja, wote watatu walichukuliwa. Lakini asiyekuwepo akiitwa, wanaita mwingine. Wataita baada ya chakula cha mchana, saa nane hivi, pengine tisa.

Saa tisa nitakuwa nimechelewa. Nikitoka sasa hivi, nikipitia Kajiado, nitafika Mashuuru giza halijaingia. Karatasi yenye stampu sina na sitaipata. Niko na mdomo tu. Sijui hata kama wazee humsikiliza mwanamke, tena Mkamba, bila karatasi. Pengine hawatanisikiliza. Pengine nitapoteza hii na ile pia nisiipate.

Miaka mitatu naomba!

Saa sita kasoro. Wengine wawili wameingia na kutoka. Mmoja ametoka anatabasamu, akanitakia heri.

Saa sita na dakika tano. Wametoka kwenda kula. Mwenyekiti amenipita akiongea kwa simu, akanipungia mkono kwa wema kabisa. Yule mama wa sweta ametoka mwisho, na chai yake kwa chupa. Amesimama mbele yangu. Nikainuka, akaniashiria nikae. Ameniangalia, ameangalia saa ya ukutani.

"Bado umekaa?"

Hakungoja jibu. Ameenda zake kwa ngazi, polepole, akishika ukuta.

Nimemuuliza karani magari ya kwenda Mashuuru hupandiwa wapi. Hajui, hajawahi kusikia mahali kama hapo. Akaniuliza kama nataka kwenda choo, anishikie nafasi.

Nimevua viatu vinavyong'aa, nimevaa vile vya tope. Begi liko magotini. Saa sita na robo. Bado nimekaa.